Mashine Iliyokuja na Usingizi

Jumamosi asubuhi, kabla jua halijakolea, Specioza alisimama kwenye uwanja wa Deusdedit, nyuma ya stesheni ya Mpanda, akitazama mashine mbili za kukerezea vyuma. Moja ilikuwa mpya. Ilikuwa bado ndani ya kreti la mbao, imefungwa nailoni, na mtu akiisogelea alisikia harufu ya rangi. Ya pili ilikuwa imetumika. Ilikaa chini ya turubai lililotoboka, na juu yake walikuwa wamelala kuku kadhaa na jogoo wao. Mbuzi wa jirani alikuwa amelala kando ya miguu yake ya chuma. Kibarua aliyetumwa kuifuta vumbi alikuwa amelala pia, ameegemea kreti, kitambaa kikiwa mkononi.

"Hii ya zamani ina usingizi ndani," Deusdedit alisema. "Nakwambia mapema, dada, usije ukasema nilikuficha."

"Usingizi wa nani?"

"Sijui. Nimeinunua ukiwemo."

"Na hii mpya?"

"Mpya haina kitu. Hata mafuta ya gia utaweka mwenyewe."

Specioza alikuwa na karakana mtaa wa Makanyagio. Kazi yake ilikuwa mabomba ya visima: aliyakata, akayasawazisha ncha, akayachonga meno ili moja liingie kwenye jingine na yashuke ardhini hadi yafike kwenye maji. Mashine yake ilikuwa imevunjika shafti, na vijiji vya Katumba na vya upande wa Ugalla vilikuwa vinasubiri mabomba kabla ya mvua. Alikuwa amekuja na Kashinje, mkerezaji wake, kwa kuwa jicho lake peke yake hakuliamini.

Kashinje aliizunguka mashine ya zamani, akaipiga kofi ubavuni.

"Msukuma," Deusdedit alisema, "hiyo siyo ng'ombe. Haiongezeki thamani kwa kupigwa kofi."

"Mfipa akiuza kitu lazima kipigwe kofi. Kikilia kwa sauti ya mwenyewe, tunajua kimeibwa."

Kashinje alifungua upande mmoja wa kreti, akajaza maji kwenye glasi, akaiweka juu ya mashine mpya na kuiwasha kidogo. Maji yalitetemeka, yakamwagika. Mwili wa mashine hiyo ulikuwa mwembamba. Kwa bomba refu ingeruka. Akaihamishia glasi kwenye ile ya zamani, baada ya kuwashusha kuku mmoja mmoja bila kuwaamsha, akaiwasha. Maji yalitulia kama yapo mezani. Kisha akainama kukagua reli, akaona zimelika pale karibu na taya zinazobana bomba, mahali ambapo mtu alikuwa amefanya kazi kupita kiasi. Hilo lingeweza kurekebishwa. Akabana kipande cha bomba, akaanza kukata meno, na akiwa katikati ya kazi akalala.

Alilala amesimama, mkono kwenye usukani, na mkono uliendelea kuzungusha. Bomba lilitoka na meno safi. Specioza alimvuta shati kutoka nyuma, taratibu, asije akaangukia kwenye taya.

"Nimeota kilima," Kashinje alisema. "Kijani mpaka juu. Kuna mama anachambua maharage kwenye ungo, ananiita kwa lugha nisiyoijua. Nikaitika."

"Kwa kawaida huwa unaota nini?"

"Ng'ombe."

Deusdedit aliwaeleza kwamba mpya ilikuwa na waranti na vipuri vyake vilipatikana. Ya zamani, isipopata mtu mwezi huo, angewapa watu wa chuma chakavu, nao wangeipeleka kwenye tanuru.

"Na usingizi?" Specioza aliuliza.

"Wale wanapima kilo tu, dada. Vingine vyote vinaungua."

Mlinzi wa karakana ya Specioza aliitwa Leonidas. Alikuwa mtu wa Katumba, aliyevuka kutoka Burundi mgongoni mwa mama yake, na sasa alikuwa Mtanzania mwenye wajukuu. Hakuwa analala. Haikuwa sifa ya kujipamba. Hakuwa amelala tangu kampuni iliyokuwa imemwajiri ilipofunga geti, na kwa sababu hiyo nusu ya maduka ya Makanyagio yalimtamani. Watu walikuwa wamekwisha kuzoea, hata salamu yake walikuwa wameibadilisha.

"Umekeshaje, baba Rosine?" Specioza alimuuliza Jumatatu asubuhi.

"Nimekesha salama, mama. Paka tu na upepo."

Kashinje, akibadilisha viatu, alisimulia ndoto yake. Leonidas aliweka tochi chini.

"Mlango wa hiyo nyumba ulikuwa mwekundu?"

"Wa bluu."

"Bluu. Ndiyo, bluu. Nilikuwa nimeanza kuusahau." Alikaa juu ya boksi la soketi za kuungia mabomba. "Huyo ni mama yangu. Huo usingizi ni wangu."

Aliwaeleza kama mtu anayeeleza alikosahau mwavuli. Kampuni ilikuwa na banda la mabomba nje ya mji. Yeye alikereza usiku. Mkerezaji wa mchana alipoondoka hawakutafuta mwingine, wakamwambia ashike na mchana. Alipoomba kupumzika walimjibu kwamba yeye ndiye mtu wao bora kuliko wote. Basi akawa anasinzia vipande vipande, amesimama, na kila kipande kilidondoka kwenye mashine pamoja na maranda ya chuma. Siku ya kufunga, kila mtu aliruhusiwa kutoka na alichokuwa amekishika mkononi, na getini walipekuliwa.

"Nilikuwa nimeshika ovaroli na sufuria," Leonidas alisema. "Usingizi nisingeweza kuutoa. Mashine ikiwa imezimwa unavuja kidogo tu; kutoka hasa ni ikizunguka, na walikuwa wameshakata umeme."

"Hukudai?"

"Nilidai. Wakasema nilete ushahidi kwamba niliwahi kuwa nao. Nikamleta Immaculata, akawaeleza nilivyokuwa nakoroma. Wakasema mke siyo shahidi."

"Jirani je?" Kashinje aliuliza.

"Jirani alisema alikuwa amelala."

Walicheka, Leonidas akicheka zaidi yao. Kisha akamgeukia Specioza, akaongea akitazama chini, kama wanavyoomba watu wa kwao.

"Mama, mimi sikuombi mashine. Naomba tu usiache waiyeyushe."

Specioza alikuwa mtu ambaye hawezi kupita kifaranga barabarani bila kukiokota. Hata hivyo alilifikiria jambo hilo siku nzima. Mpya isingemlaza fundi kazini. Ikiharibika kuna wa kuulizwa. Ya zamani ilikuwa nzito na tulivu, na mabomba yake yangenyooka, lakini reli zilihitaji kusuguliwa, na usingizi ule haukuwa wake. Jioni alimpigia Deusdedit, akachukua ya zamani. Waliileta kwa lori. Dereva aliambiwa afungue madirisha yote, na utingo alikaa nyuma kabisa, mbali nayo.

Kashinje alisugua reli. Kisha akafunga kamba kwenye nguzo na kuizungusha kiunoni, ili akilala asiinamie taya, na kazi ikaanza. Ilikuwa kazi nzuri. Alilala na kukata, akaamka na kupima, akalala tena. Jioni alirudi kwake amepumzika, akijua maneno mawili matatu ya Kirundi.

Jumapili, baada ya misa, Leonidas alikuja na mkewe Immaculata, amebeba mkeka kwapani. Alivaa shati jeupe alilokuwa amekomunika nalo. Akatandika mkeka kando ya mashine na kulala chali, mikono kifuani, kama mtu anayesubiri kupimwa. Kashinje alibana bomba na kuwasha.

Leonidas alilala kabla bomba halijashika mwendo.

Immaculata alikaa juu ya debe lililopinduliwa, akifuma kitambaa cha meza. Miaka yote hiyo, kila usiku ambao Leonidas hakuwa lindoni, alikuwa amelala na mtu aliyekaa ukingoni mwa kitanda akisikiliza mende. Sasa alifuma mistari miwili, akaacha, akamtazama.

"Nilikuwa nimesahau anavyokoroma," alimwambia Specioza. "Anakoroma kama anauliza swali."

"Nimzimie mashine asogee kidogo? Jua linamfikia."

"Mwache, mwanangu. Nitamkinga mimi."

Alisimama upande wa dirisha, akatandaza khanga yake, akaishikilia hivyo hadi bomba lilipokwisha. Leonidas aliamka na uso mlaini, akaomba ugali, akala kama kijana. Hakusema ameota nini. Walipokuwa wakila, mtu alipita uani akaondoka na boksi zima la soketi, kwa kuwa hakuna aliyekuwa analinda.

Bomba la Jumapili ile lilipelekwa Ugalla pamoja na mengine. Likashushwa kisimani, pampu ikafungwa juu yake, na maji yakaanza kutoka na usingizi. Mtoto aliyekuwa analia tangu azaliwe alilala baada ya kuogeshwa. Mrina asali mmoja alimwagia maji mti wenye mzinga, nyuki wakalala, akavuna bila moshi, kisha akaufunika tena mzinga kwa adabu. Katika vijiji vya Katumba vilivyopata mabomba mengine ya mashine ile, wazee waliokuwa wakishtuka kitandani tangu walipokimbia Burundi mwaka sabini na mbili walilala hadi kukapambazuka, na asubuhi waliwauliza wake zao kama kuna mtu alikuwa amebisha hodi usiku. Hakuna aliyekuwa amebisha.

Vijiji vingine vikasikia. Watu walikuja karakana, wakapita kwenye mabomba yaliyopangwa ukutani, wakasema wanataka yale ya ile mashine.

Kashinje ndiye aliyegundua kwanza. Kamba ilikuwa inabaki legevu kiunoni. Alikuwa anakata bomba zima akiwa macho, anasinzia tu mwishoni, na kile kilima alikiona kwa mbali, kama kiko ng'ambo ya moshi.

"Unaisha, bosi," alisema.

"Umebaki kiasi gani?"

"Kama tungekuwa tunamwashia mzee peke yake, Jumapili kwa Jumapili, ungemfikisha mbali. Kwa mabomba haya, hata mvua hautazikuta. Deusdedit bado ana ile mpya. Tuichukue tukatie oda, inaruka lakini nitaizoea. Hii tumwachie mwenyewe."

Specioza alirudi uwanjani kwa Deusdedit. Alisimama mbele ya kreti muda mrefu, akagusa nailoni. Huko huko simu yake ikaita. Aliyepiga alikuwa mwenyekiti wa kamati ya maji ya kijiji kimoja cha Ugalla. "Watoto wanalala, dada Specioza," alisema. "Hata mke wangu analala. Nyie msije mkatubadilishia." Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyepumzika. Specioza aliahidi, kwa sababu hakujua namna ya kumkatalia mtu aliyepumzika.

Kesho yake alimkuta Leonidas akifagia geti.

"Baba Rosine, kuna watoto."

"Najua, mama. Nimesikia."

"Na siku ile ulipolala tuliibiwa."

"Tuliibiwa, ndiyo."

"Wewe ndiye mlinzi bora Mpanda nzima. Sina wa kuweka mahali pako."

Kashinje, aliyekuwa ananoa kisu cha mashine, aliacha kunoa. Leonidas alimtazama Specioza kwa upole, kama mtu anayetambua sura fulani kwenye ukoo. Specioza aliona hivyo, macho yakamjaa machozi, na hakubadilisha alichokuwa amekuja kusema.

"Tukimaliza oda hizi, Jumapili zote ni zako."

"Sawa, mama," Leonidas alisema, akaendelea kufagia.

Oda hazikuisha. Bomba la mwisho lililotoka na kitu lilikuwa la kijiji cha Leonidas mwenyewe, huko Katumba. Kashinje aliomba alikate kwa mwendo wa chini kabisa. Alipomaliza alifungua kamba, akaikunja, akaitundika. Tangu siku hiyo mashine ilikuwa mashine tu, nzito na tulivu, na mabomba yake yalinyooka kuliko ya mtu yeyote mkoani. Specioza alikuwa amechagua vizuri. Hata Deusdedit alikubali.

Kisima cha kijiji cha Leonidas kilifunguliwa siku ya Jumatano. Siku chache baadaye, alasiri, kabla ya kwenda kazini, Leonidas alifika na Immaculata. Kina mama waliokuwa kwenye foleni walimpisha, wakasema mzee anywe kwanza. Mmoja wao, Joséline, jirani yake, alishika mpini wa pampu.

"Kunywa, baba. Kwangu hata mkwe wangu kaacha kugombana. Analala tu."

"Ni jambo jema," Leonidas alisema.

Alikinga viganja, akanywa. Akakinga tena. Kisha akafumba macho, akasimama hivyo, na Immaculata akamshika kiwiko. Alipiga mwayo mmoja, mrefu, uliomwinua hadi kwenye ncha za vidole. Mwayo ule ukamtoka, ukampata Joséline, ukapita kwa kina mama wote hadi mwisho wa foleni, ukafika kwa mtoto aliyekuwa mgongoni mwa mtu, naye akalaza shavu na kulala.

Immaculata alisubiri. Alisubiri hadi ndoo ilipojaa na kufurika.

Leonidas alifumbua macho. Alifuta mdomo, akamshukuru Joséline, akachukua koti na tochi yake mkononi mwa mkewe. Kisha akatoka barabarani kusimamisha pikipiki, ili awahi kufika mjini kabla Specioza hajafunga geti.