Étage 4 Hakuna

Mimi na Lydie Numbi tunatengeneza meno ya bandia katikati ya mji wa Lubumbashi, ghorofa ya nne, katika jengo ambalo lifti yake haisimami ghorofa ya nne. Usicheke. Mpangaji mmoja alikuwa akihama na friji lake kubwa, akaligonga kwenye mlango wa lifti wa ghorofa yetu, mlango ukapinda, wakauziba kwa mbao. Tangu siku hiyo lifti inawahudumia majirani wote, ila sisi inatupita bila hata kutusalimu.

Papa Edouard, msimamizi wa jengo, ni mtu wa huruma. Alikuwa akiwaona wateja wetu, vikongwe wengi wao, wakibonyeza 4 na kuzungushwa juu na chini mpaka wanashikwa na kizunguzungu. Roho ikamuuma. Akaandika kibao kwa rangi nyekundu, akakifunga chini wanapoingilia watu, kando ya mlango wa lifti: ÉTAGE 4 HAKUNA. Étage ndiyo ghorofa.

"Bantu habasomake maneno mingi," aliniambia huku akijipangusa mikono. "Mbili, tatu, inatosha."

Mimi najua ghorofa ya nne iko wapi, kibao cha nini? Nilikuwa nakipita kila asubuhi kama ninavyoupita ukuta.

Sasa nikwambie habari za baba yake Lydie. Mzee Numbi alifanya kazi ya reli maisha yake yote, kisha akastaafu akaenda kulima Lukafu. Meno yamemwishia karibu yote. Zamani Lydie alimwambia kwamba anasomea uuguzi, kumbe alikuwa ameacha shule na anajifunza kutengeneza meno kwa fundi mmoja mjini. Mzee alikuja kuyajua hayo baada ya misa, kutoka kinywani mwa mtu mwingine, mbele ya waumini wenzake. Aibu ile haikumtoka. Tangu hapo, Lydie akisema mvua inanyesha, baba yake anatoa kwanza mkono dirishani.

Kwa hiyo Lydie alimbembeleza sana aje mjini aone kwa macho yake mahali anapofanya kazi, na amtengenezee meno. Mzee alikataa, akakataa, mwishowe akakubali. Siku ya kuja kwake Lydie alifagia chumba, akakifagia tena, akavaa koti jipya jeupe. Tukangoja. Mchana ukapita. Simu ya mzee inaita tu. Ilipopokelewa, jua lilikuwa limeshaanza kushuka, na Lydie alifungua sauti ili nami nisikie.

"Papa, uko wapi? Tunakungoja."

"Niko Katuba, kwa mudogo wangu. Nilifika ku ile building yako. Nilisoma mwenyewe: étage ya ine hakuna."

"Iko, Papa! Niko mule sasa hivi!"

"Lydie, mi nilitumika ku chemin de fer. Kibao ikisema hakuna njia, treni inasimama. Weye ulinidanganyaka. Kibao hainidanganyake. Kesho narudia Lukafu."

Akakata simu. Lydie akakaa kwenye kiti cha wagonjwa, akalia kimyakimya, koti lake jipya likilowa kifuani.

"Nilimudanganya mara moja, Yaya Chilufya," alisema; yaya kwetu ni dada mkubwa. "Sasa hata nikisema kweli, kwake ni bongo tu, uongo mutupu."

Nilipandwa na hasira hata nisione mbele. Nilichukua bisibisi, nikashuka ngazi mbilimbili, nikaanza kukifungua kile kibao. Papa Edouard akaja mbio.

"Mama Chilufya! Unaharibu kintu ya building!"

"Papa Edouard, étage ya ine iko ao haiko?"

"Iko."

"Basi juu ya nini uliandika hakuna?"

"Mi nilitaka kusema ascenseur hakuna kule."

"Hiyo lifti uliiandika wapi? Nionyeshe."

Akakitazama kibao, midomo yake ikayafuata yale maneno moja moja. Halafu akajishika kichwa.

"Kumbe! Bale bazee benye banarudiaka ku mulango, mi nilizani banaogopa ascenseur."

Hasira yangu iliisha palepale. Mtu mwenyewe alikuwa ameumia kuliko nilivyotaka aumie.

Tulichukua kipande cha katoni tukaanza kutafuta maneno. Yeye akaandika: ASCENSEUR HAISIMAME KU 4. Nikamuuliza, mtu akishasoma hivyo afanye nini, asimame pale mpaka Pasaka? Akafuta, akaandika: KU 4 ENDA NA NGAZI. Nikamuuliza kama angempandisha mama yake mzazi ngazi zote zile na magoti yake. Akafuta tena, jasho linamtoka. Lydie alikuwa ameshuka, macho mekundu, amesimama nyuma yetu.

"Bapande mpaka ku tano," alisema taratibu, "halafu bashuke. Kushuka haichokeshake sana."

Tukatazamana. Miezi yote hiyo sisi wenyewe tulikuwa tunateremka kwenye lifti ghorofa ya tatu na kupanda huku tunahema! Papa Edouard akaandika: UNAENDA KU 4? PANDA MPAKA KU 5, HALAFU SHUKA NA NGAZI KIDOGO. Hilo neno "kidogo" aliliongeza yeye, adui wa maneno mengi, ili vikongwe wasiogope.

Nilipomweleza yaliyompata mzee Numbi, akachukua kile kibao cha zamani, akakiweka kwapani.

"Mutoto akisema, mzee hataamini. Mwenye kuandika ni miye. Twende Katuba."

Tulimkuta mzee Numbi uani, mfuko wa safari umeshafungwa. Lydie alibaki mlangoni pa ua, hakuthubutu kuingia. Papa Edouard alisalimu, akatoa kibao, akakishika kwa mikono miwili mbele ya mzee.

"Papa, hii kibao ni miye niliandika. Nilikosa. Étage ya ine iko, na binti yako anatumika mule kila siku."

Mzee alikipokea, akakigeuza, akakikagua mbele na nyuma.

"Ku chemin de fer bangekufukuza," alisema.

"Najua, Papa."

Mzee akatazama mlangoni, alipokuwa amesimama binti yake. Niliomba amwite. Hakumwita.

"Kesho nitakuya kusoma ile ya mupya," alisema tu.

Kesho yake alikisoma kibao kipya kwa sauti, neno kwa neno, watu wamejaa nyuma yake wanasubiri lifti. Kisha akamgeukia Papa Edouard. "Kidogo ni ngapi?" Papa Edouard akaanza kuhesabu ngazi kwa vidole. Tukapanda mpaka ya tano, tukashuka polepole, mkono wake begani kwangu. Mlangoni petu alisimama akatazama taa, mashine, na safu ya vinywa vya plasta rafuni, kila kimoja na jina la mwenyewe. Kisha akauliza tu akae wapi. Nilitamani kumtikisa.

Alikaa kwenye kiti. Lydie alikoroga ule uji wa kuchukulia alama ya fizi, akaujaza kwenye chombo chake, akakiingiza mdomoni mwa baba yake.

"Uma pole pole, Papa. Usisongeze mudomo mpaka nikuambie. Ukisema kitu, itaharibika."

Baba yake akaitikia kwa kichwa. Na hapo, mzee akiwa amefunga mdomo, Lydie akapata nguvu.

"Papa, ile ya masomo nilikudanganya. Niliogopa utanikatalia. Lakini hii haina bongo. Kila siku nilikuwa nataka uione." Akakishikilia vizuri kile chombo. "Nilikuwa nataka uione weye, kupita bantu bote."

Mzee alimkazia macho. Midomo yake ikaanza kufunguka. Nikampungia mkono kumzuia.

"Usiseme, Papa," Lydie alimwambia. "Bado kidogo."

Akasema. Maneno yalitoka yamevimba, uji ukimchuruzika kidevuni, lakini tuliyasikia wote wawili.

"Nisamehe, mama."

Alama iliharibika kabisa. Tulianza upya.