Miaka Kumi na Tisa ya Uongo

Mimi ndiye niliyemzeesha baba yangu, tena kwa mdomo wangu huu. Mwaka wa 2011, ukame ulipomaliza mbuzi wetu, watu wa msaada walisema wazee wa miaka themanini kwenda juu watapewa chakula chao kando. Apa, ndivyo tunavyomwita baba, hakuwa na kitambulisho. Nikampeleka kuandikishwa, nikasema alizaliwa 1927. Kumbe ni wa 1946 au hapo karibu. Njaa haina adabu, na mimi nilikuwa na watoto watatu. Tulikula, na sijutii kula.

Balaa lilianza Oktoba mwaka uliofuata. Ndugu yangu Aukot alipiga simu. Huyo aliondoka Lodwar na miaka kumi na saba, na sasa ni mpishi kwenye meli inayopeleka watalii kusini kabisa, mwisho wa dunia, kwenye barafu tupu. Miaka tisa hatujamwona. Alisema kampuni inamruhusu kila mpishi alete mzazi mmoja, chumba na ndege bure, safari ya Januari. Yeye kuja nyumbani hawezi mpaka mkataba uishe, na umebakiza mwaka mmoja na nusu.

Macho ya Apa hayakuwa na mwaka mmoja na nusu. Daktari alishatuambia: presha ya macho, tumechelewa, kufika katikati ya mwaka ujao yatafunga. Tayari picha ya simu kwake ni doa tu. Anaona kitu kikiletwa karibu na pua.

"Uso ninaoujua mimi ni wa kijana hana ndevu," akaniambia. "Nataka kumwona akiwa mwanamume. Halafu giza lije."

Basi tukapanga. Lo, tulivyopanga! Aukot alituma orodha: soksi za sufu, glavu, koti zito. Koti zito, hapa Lodwar! Nekesa wa mitumba alicheka mpaka akakaa chini. "Akiru, jua limekuingia kichwani?" Lakini akanielekeza Kakuma, kwa wakimbizi wanaongoja kupelekwa ng'ambo. Huko nikampata Monique, Mkongomani, ana koti la kufika magotini alilojiwekea la kwenda Kanada. Safari yake ilikuwa imeahirishwa mara tatu.

"Beba tu, dada," akasema, bila kuniangalia. "Hata koti ione baridi."

Apa alilivaa siku hiyo hiyo, jasho likimtiririka, akakataa kulivua. Alizunguka kwa majirani wote akisalimu, "Ejok! Ejok!" Wakamwita balozi.

Nikapiga picha kitambulisho, nikamtumia Aukot. Akapiga simu hapo hapo.

"Akiru, Apa ana miaka themanini na tano tangu lini? Bima ya meli inaishia themanini! Wanafunga orodha Ijumaa."

Ilikuwa Jumatatu. Woi, nilijikaanga kwa mafuta yangu mwenyewe! Alhamisi nikamshika Apa mkono tukaenda ofisi ya vitambulisho. Afisa alikuwa Odongo, mtu mpole, na huo upole ndio ulionitisha. Nikamweleza kuwa mwaka uliandikwa uongo kwa ajili ya chakula, ila sikusema na nani.

"Mama, kurekebisha ni rahisi," akasema. "Mzee aape hapa mbele yangu mwaka wake wa kweli, nitampa barua leo. Lakini aliyedanganya akachukua chakula cha wazee, huyo lazima nimpeleke polisi. Ni nani?"

"Ni mimi," nikasema. "Andika. Nifungeni, lakini yeye asafiri."

Nilimaanisha. Watoto wangu watatu walikuwa mbele ya macho yangu, lakini nilimaanisha.

Apa alikaa na koti la Monique mapajani. Odongo akamgeukia. "Mzee, ulizaliwa mwaka gani?"

Nikamfinya mkono. Tulikuwa tumekariri njia nzima: arobaini na sita, arobaini na sita.

"Ishirini na saba," Apa akasema kwa sauti kavu. "Hiyo kitambulisho iko sawa. Huyu mtoto anataka tu mimi nipande meli. Leo ndiyo anadanganya."

"Apa!"

"Nyamaza. Mimi ndiyo najua nilizaliwa lini."

Odongo alimtazama, akanitazama mimi, kisha akafunga faili. "Basi hapa hakuna kesi," akasema taratibu.

Nje nilimfokea mbele ya watu wa bodaboda na kila aliyetaka kusikia. "Umefanya nini? Ulikuwa unaenda kumwona Aukot! Aukot, Apa! Nani alikuomba unihurumie?" Nililia kwa sauti na sikuona aibu. Nilimchukia siku ile, na nilimpenda mpaka kifua kikaniuma.

Akangoja nimalize. "Umemaliza? Wewe ukifungwa, watoto watakula nini? Koti?"

Nikageuka kutazama barabara.

"Sogea hapa."

Akanishika mashavu kwa mikono miwili, akauvuta uso wangu mpaka pua zetu zikakaribia kugusana. Alinitazama hivyo kwa muda mrefu, macho yakimtoka machozi ya jua.

"Wewe na Aukot mlichukua pua ya mama yenu," akasema. "Macho pia. Ndevu nitaweka mwenyewe."

Nikajifuta kamasi, nikasimama tuli kwenye jua la saa saba, nikamwachia uso wangu aangalie.