Sakafu Chini ya Miguu ya Sagyndyk

Asubuhi, mabehewa ya tangi yakishapangwa kwenye njia ya kwanza ya reli ya kituo cha kupakia mafuta cha Karasor, Kulyash alikuja na birika la chai ya maziwa, akalitundika kwenye ncha ya ufito mrefu, akampandishia mumewe hewani. Sagyndyk alikuwa bado anaanguka. Alianza kuanguka majira ya baridi ya mwaka ule binti yao wa mwisho, Akmaral, alipoolewa. Alikuwa juu ya tangi anafunga mfuniko, barafu ikamtelezesha, akapita kwenye pengo kati ya tangi na kiguzo cha bomba la mafuta. Alitangulia miguu, mikono kaitanua, na chini kidogo ya mgongo wa tangi akabaki hapo hapo.

Wenzake walimvuta kwa kamba, kamba ikakatika. Wakarudi kazini, maana mafuta hayamngoji mtu.

Mkuu wa kituo, Bwana Bolatkhan, alikuja akamtazama.

"Ajali haijaisha hii," alisema. "Mtu hajafika chini. Nitapeleka habari gani huko juu?"

Na kwa kuwa hakuna aliyeanguka, hapakuwa na haja ya kuweka vizuizi. Vijana waliendelea kupanda matangi kwa buti zao za sufi, upepo wa uwandani ukiwasukuma mgongoni.

Kulyash hakugombana na mtu. Theluji ikimjaa mumewe mabegani, alimfagia kwa ufagio aliofunga kwenye ufito ule ule. Alitaka kitu kimoja tu: mzee wake aketi naye mezani, ale nyama ingali inatoa moshi.

Ndipo wanunuzi wa mafuta wakasema hawaleti tena matangi yao mahali watu wanapopandia kama paka juu ya paa. Akaletwa mhandisi, binti aitwaye Raihan, mwembamba, mwendo wake wa kasi hata mbwa wa kituo walichoka kumfuata. Alipanda, akapima, akashuka, akapanda tena. Alipofika usawa wa Sagyndyk, alimwamkia kama anavyoamkiwa mkubwa.

"Shikamoo, baba. Hujambo huko?"

"Marahaba. Sijambo, mwanangu. Upepo tu. Wewe umekula?"

Bwana Bolatkhan alitaka ubao mmoja wa kukanyagia na ngazi iliyopakwa rangi.

"Ubao utaganda barafu," Raihan alimwambia. "Na pengo litabaki. Mzee huyu hakuanguka kwa kukosa ubao, kaangushwa na pengo."

"Hajaanguka."

"Basi pengo halijamaliza kumwangusha."

Akamchorea. Jukwaa refu kando ya reli, sakafu yake ya wavu wa chuma ili theluji ipite, isilale. Kutoka jukwaani daraja dogo linalokunjuka, lenye uzito upande wa pili ili mtu mmoja aliteremshe kwa mkono, lipande na kushuka, kwani matangi hayalingani urefu. Mwisho wa daraja, kizimba cha vyuma kinachozunguka mfuniko pande zote, na kijilango kinachojifunga chenyewe nyuma ya mtu.

"Na huyu?" Mkuu aliuliza, akionyesha juu.

"Daraja likishuka, linapita chini ya nyayo zake."

Bwana Bolatkhan akafikiri sana. Kisha uso ukamkunjuka.

"Yaani atakuwa amesimama?"

"Atakuwa amesimama."

"Mtu aliyesimama kazini! Hapo hata ajali haikuwapo. Jenga, binti, jenga."

Raihan alimtazama, akafunga mkoba wake. Jukwaa likajengwa.

Siku daraja lilipoteremshwa mara ya kwanza, lilikwenda taratibu likagusa buti za Sagyndyk. Alilia kidogo, akasema chuma kina baridi. Lakini alipotaka kupiga hatua, miguu haikukubali. Ilikuwa imesahau. Alishika vyuma vya daraja, magoti yanamcheza kama ya ndama.

"Hee, mzee kazaliwa leo!" kijana mmoja alipiga kelele.

"Nyamaza wewe, hata wewe ulikuwa hivi hivi," Kulyash akamjibu. Alikuwa amekuja na kamba ya sufi, nyeusi na nyeupe zimesokotwa pamoja, ile wanayomfunga mtoto vifundoni anapoanza kusimama. Akapiga goti juu ya wavu, akamfunga mumewe miguu. Kamba hiyo haikatwi na mtu yeyote tu, maana mtoto hufuata mwendo wa aliyemkatia. Kulyash akamnyooshea Raihan kisu.

"Kata wewe, mwanangu. Ila usikate kwa haraka sana, asije akanikimbia uzeeni."

Raihan akakata. Kulyash akarusha peremende, zikapita kwenye matundu ya sakafu zikawanyeshea vijana waliokuwa chini, wakazigombea wakicheka. Sagyndyk akapiga hatua ya kwanza, ya pili, kisha akaenda kwa kasi, na mkewe nyuma yake anahema, "Ngoja basi, Baba Akmaral! Ngoja!"

Jioni ile alikula nyama ya farasi mezani hadi Kulyash akaficha sahani. Alipomaliza, aliuliza, "Na jukwaa la njia ya pili wanajenga lini?"

"Nimemuuliza Bolatkhan. Kasema njia ya pili hakuna mtu hewani. Na ya kwanza nayo, kasema, hakuwahi kuanguka mtu."

Sagyndyk alipangusa masharubu. Kulyash akamtandikia, naye mzee akalala chali, vizuri, mara ya kwanza baada ya muda mrefu.

Asubuhi alivaa buti, akaenda kwa ule mwendo wake mpya hadi njia ya pili. Kijana alikuwa juu ya tangi, anafungua mfuniko, barafu chini ya visigino. Sagyndyk akasimama chini yake kwenye kokoto, akanyoosha mikono miwili.

"Mzee, unafanya nini hapo?" kijana aliuliza.

"Fanya kazi yako," Sagyndyk alisema. "Mimi nipo."

Tangi likijaa alisogea hadi linalofuata, mikono juu, na Kulyash akajua siku hiyo chai aipeleke upande gani.