Dirisha la Kiroboto

Karatasi ya nailoni tuliyoibandika dirishani ilikuwa ikipumua. Gari likikimbia, ilivimba kama shavu la mtoto aliyeficha peremende. Likisimama, ilinywea na kujikunja pembeni huku ikitoa kelele ndogo ya kulalamika. Kiroboto, binti yangu wa miaka mitatu, aliipenda kuliko kioo chochote duniani. Aliigonga kwa kidole kutoka kwenye kiti chake, kisha akangoja imjibu. Mimi nilimtazama kupitia kioo cha dereva na kuhesabu siku zilizobaki kabla ya kutia kioo kipya.

Gari lenyewe lilikuwa la baba yangu: kubwa, la zamani, lenye gurudumu la akiba mgongoni na milango ambayo haifungiki mpaka uipigize. Alilinunua nikiwa darasa la kwanza. Nimelitapikia mara mbili, nimejifunzia udereva ndani yake, na siku ya kujifungua ndilo lililonifikisha hospitali, Baba akiendesha polepole mno hata muuguzi wa mapokezi akadhani tumekuja kumtazama mgonjwa. Sasa dirisha lake dogo la nyuma, upande wa kulia, lile lisilofunguka, lilikuwa limevunjika.

"Jiwe," alisema Baba siku ile.

Sikumbishia. Lakini nilipokuwa nikizoa punje za kioo kwenye kiti cha Kiroboto, maana zilikuwa zimejaa kila mshono, niliona mkwaruzo kwenye bati, chini kidogo ya tundu. Mkwaruzo wa rangi ya bluu. Geti letu ni la bluu, na komeo lake limechomoza nje kama kiwiko cha mtu mgomvi. Nikachukua kitambaa na mafuta ya taa, nikasugua mpaka bluu yote ikatoka, nikanyamaza. Nilijiona nimemsitiri mzazi wangu.

Tangu hapo Baba hakugusa usukani. Kila alipotaka kwenda mahali alikuwa na sababu mpya ya kuniomba nimpeleke. Klachi imekuwa nzito. Kiatu kinambana. Leo anataka naye aendeshwe kama mheshimiwa.

Nilikuwa nimebakiza wiki mbili kumaliza masomo ya jioni ya ufundi wa vioo vya magari. Mchana nilikunja mashati ya watu kwa dobi. Jioni, nikishamwacha mtoto kwa babu yake, ambaye kwa utani humwita "mke wangu", nilikwenda kusoma. Nilitaka kazi ambayo mwanangu angeweza kuionyesha kwa kidole barabarani na kusema, ile kaifanya mama. Mwalimu wetu alikuwa mwanamke mfupi mwenye karakana yake mwenyewe. Tulimwita Mama Vioo, naye alijua. Karakana ile ilikuwa na nafasi moja ya fundi mpya, na darasani tulikuwa kumi na mmoja.

Nilipomweleza habari ya dirisha letu, aliacha kufuta ubao.

"Kioo unacho?"

"Nimekipata kwa muuza vipuri, Mwalimu. Kimetoka kwenye gari kama letu. Na mpira mpya ninao."

"Basi kitie mwenyewe, mama. Usije ukamwita fundi akakufanyia. Jumatatu ile tukishafunga masomo, asubuhi na mapema, niletee gari nilimwagie maji. Likiwa kavu ndani, kesho yake uje na viatu vya kazi. Likilowa..." Akarudi kwenye ubao wake. "Likilowa, nafasi nampa yule bwana anayesinzia pale nyuma."

Darasa zima likaangua kicheko. Bwana anayesinzia akazinduka kuuliza kuna nini.

Kazi yenyewe ukiielewa ni tamu. Mpira wa dirisha una mifereji miwili. Mmoja unameza ukingo wa kioo. Wa pili lazima umeze ukingo wa bati la gari, na huo ndio wenye kazi, kwa sababu mdomo wake unabaki upande wa ndani, usikofikika kwa vidole. Kwa hiyo unalaza kamba nyembamba ndani ya mfereji wa pili, kuzunguka kioo chote, ncha zake zikutane chini. Unapaka maji ya sabuni. Unakiweka kioo mahali pake kutoka nje, ncha za kamba zikining'inia ndani ya gari. Kisha unaingia ndani, unaivuta kamba taratibu, nayo inapotoka inaubeba mdomo wa mpira na kuurusha juu ya bati, inchi kwa inchi, mpaka inazunguka yote. Huko nje sharti kiganja cha mtu kiifuate kamba unayoivuta, kibonyeze.

Jumamosi mchana, Kiroboto akiwa amelala, nilipiga msasa kutu ya ukingo, nikafuta, nikapaka rangi, nikaacha ikauke. Baba alikuwa barazani na redio yake.

"Baba, njoo unibonyezee kioo kwa nje."

"Mimi?" Aliinua redio kama ngao. "Macho yangu na vitu vidogo vidogo tena! Fanya tu, mwanangu. Mwalimu wako si amekwambia ufanye mwenyewe?"

Sikumlazimisha. Nilikikamata kioo kwa utepe wa karatasi wenye gundi, vipande sita, nikaingia ndani nikaanza kuvuta. Chini ilikwenda vizuri. Kwenye pembe kamba ikagoma. Jua lilikuwa kali na sabuni ilishakauka. Nikatoka nikapaka tena, nikarudi, ikakauka tena. Mara Kiroboto akaamka na kuanza kuniita kwa ile sauti inayoanza chini na kupanda kama king'ora. Mkoba wake ulikuwa kando yangu kwenye kiti. Ndani yake, kama siku zote, kulikuwa na nepi ya akiba, biskuti moja iliyoumwa, na chupa ya mafuta ya mtoto.

Sikufikiri mara mbili. Niliyamimina kwenye mpira kama ninavyompaka yeye baada ya kuoga.

Jamani, kamba ilitoka kama mguu unavyotoka kwenye soksi! Pembe ya kwanza, ya pili, juu, ikamalizika mkononi mwangu. Nilimbeba mwanangu kiunoni, nikasimama nje kukitazama kioo kinavyomeremeta, nikamwita Baba aje aone.

Alikuja na kupitisha kidole gumba kuzunguka ukingo wote, uso wake kautazamisha kwingine. Kisha akakinusa kidole.

"Kinanukia mtoto," alisema, akarudi kwenye redio yake.

Jumapili asubuhi pembe ya chini ilikuwa imechomoza nje upana wa kidole. Nilipoibonyeza ilirudi kwa utii. Nilipoachia, ikateleza tena kama samaki. Nilimimina kikombe cha maji juu yake, nikafungua mlango kuangalia. Tone la kwanza lilidondokea katikati ya kiti cha Kiroboto.

Nilikaa kwenye kizingiti cha gari. Nilianza kwa kujitukana kimoyomoyo, halafu nikayaona makosa yangu yamekaa mbele yangu wazi kama somo lililoandikwa ubaoni. Maji ya sabuni hukauka, na yakikauka mpira hulishika bati. Mafuta ya mtoto yametengenezwa yasikauke. Sifa yake ndiyo hiyo. Na hata bila mafuta, utepe wa karatasi hauna kiganja. Hakuna aliyeisindikiza ile pembe. Basi. Kinachojulikana kinarekebishika.

Nilikitoa kioo. Nikauosha mpira kwa sabuni ya vyombo na maji ya moto mara tatu, mpaka ukaacha kunukia mwanangu. Bati nalo nikalifuta na kulikausha. Kisha nikaenda barazani na kuizima redio.

"Baba, nahitaji viganja viwili."

"Na mwalimu wako je?"

"Nitamwambia mwenyewe kwamba ulinishikia."

"Akikunyima kazi?"

"Aninyime nikiwa nimemwambia."

Akanitazama, au aliutazama upande niliko. "Mama, macho yangu..."

"Sihitaji macho. Mimi nitavuta kamba, wewe utaisikia inapita chini ya mkono. Inapopita, hapo hapo ubonyeze."

Akainuka. Akavua saa yake, akaiweka mfukoni mwa shati, kama alivyofanya zamani kila alipotaka kufungua boneti. Kiroboto tulimpa kikopo cha maji ya sabuni na brashi, cheo chake kikiwa mpakaji sabuni mkuu. Alilipaka gurudumu, akapaka viatu vya babu yake, na mara mojamoja akaupaka mpira.

Nilipiga magoti ndani, mahali penye kiti chake, ambacho nilikuwa nimekishusha. Tulikuwa uso kwa uso, mimi na Baba, kioo kati yetu. Sijui kama nilikuwa nimewahi kumtazama karibu namna ile tangu nikue. Mboni zake zilikuwa na ukungu mwepesi, kama kioo cha bafuni mtu akishaoga.

Nikavuta. Kamba ikatoka kidogo, mdomo wa mpira ukapanda juu ya bati. Kiganja chake kilikuwa pale pale. Nikavuta tena, kikahama. Hakuwa akitazama mkono. Alikuwa ameinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza mlango wa jirani. Tuliimaliza chini, tukaingia kwenye pembe.

"Halikuwa jiwe," alisema.

Mkono wangu ukasimama.

"Usisimame. Sabuni itakauka."

Nikavuta. "Najua, Baba. Niliona rangi ya geti."

"Ukaifuta."

"Nikaifuta."

"Nilikwenda kuitafuta kesho yake. Niliipapasa kwa vidole, nikakuta pameteleza. Nikasema, ameona huyu, na ameamua kunyamaza." Kiganja chake kilihama kwa kufuata kamba. "Nilikuwa nimetoka kumshusha mke wangu hapa. Nilimbeba mpaka mlangoni, nikarudi kuliweka gari sawa. Dakika mbili hazikufika. Komeo sikuliona, mama. Sikuliona kabisa, na ilikuwa saa sita mchana."

Chini, mke wake aliendelea kupaka kiatu chake cha kushoto sabuni, akiimba.

Wiki zile zote nilijua nimemfunika Baba kwa shuka. Kumbe nilimwacha peke yake gizani humo, ameshika kiti kitupu chenye punje za kioo. Nilitafuta neno. Yote yaliyonijia yalikuwa makubwa mno kwa tundu dogo lile.

"Pembe, Baba," nilisema. "Bonyeza hapo kwenye pembe. Kwa nguvu."

Akabonyeza kwa viganja vyote viwili. Mpira ukalimeza bati kwa mlio mdogo, kama busu. Tukapanda juu, tukashuka upande wa pili, na kamba ikaniishia mkononi, imelowa. Nilipotoka nje nilimkuta bado amekishikilia kioo.

"Umeshamaliza?" aliuliza.

"Tumemaliza. Jumatano nakupeleka kwa daktari wa macho."

"Klachi si nzito?"

"Miguu ninayo."

Akacheka, kwa mara ya kwanza katika wiki mbili, akaketi barazani kufuta viatu.

Jumatatu asubuhi Mama Vioo alitusubiri na bomba la maji mkononi, buti za mpira miguuni. Baba alikataa kushuka. Alikaa nyuma kando ya kiti cha Kiroboto, kiganja chake kimelala kwenye bati chini ya dirisha.

"Kabla hujamwaga, Mwalimu," nilisema. "Jumamosi nilikitia kioo peke yangu, nikatumia mafuta ya mtoto. Kilitoka. Jana nilirudia, na baba yangu alinibonyezea kwa nje."

"Mafuta ya nani?"

"Ya mtoto."

Alinitazama kwa muda mrefu kidogo kuliko nilivyopenda. Kisha akafungua bomba. Alimwaga kutoka juu, akamwaga kutoka pembeni, akachutama na kuielekezea ile pembe ya chini maji mengi hata mimi mwenyewe nikalowa magoti. Ndani Kiroboto alipiga kelele za furaha, pua yake imebandikwa kwenye kioo ikawa bapa kama kitufe. Maji yalimtiririkia usoni na hayakumgusa.

"Mzee!" aliita Mama Vioo. "Hali ikoje huko?"

Baba alipitisha kiganja taratibu, mwanzo mpaka mwisho, akarudia. Nilijua alishajua mara ya kwanza.

"Pakavu," alisema.

Mama Vioo alifunga maji. Akaja mwenyewe, akaingiza mkono na kupapasa, akaufuta ule mkono mkavu kwenye aproni kwa mazoea. "Pembe hii ina mkono wa mtu," alisema. Halafu akaniangalia miguuni. "Kesho saa moja. Na uje na viatu vya kazi, hivyo ni vya harusi. Mafuta ya mtoto yabaki nyumbani."

Nilimfungulia Baba mlango wa mbele kwa ajili ya safari ya kurudi, kwenye kiti kilichokuwa chake daima hata asipoendesha. Hakusogea.

"Endesha, mama. Nimekaa na mke wangu."

Basi nikaendesha. Hakuna kilichopumua wala kulalamika nyuma yangu. Gari lilikuwa limetulia hivi kwamba nilisikia kila walichosema.

"Huko nje kuna nini?" Baba aliuliza.

"Basi!"

"La rangi gani, mke wangu?"

"Jekundu."

Lilikuwa la kijani, na lilipita karibu kabisa na dirisha.

"Jekundu kweli," alisema Baba. "Na lile linalofuata?"