Kondoo wa Soksi na Kidirisha cha Saba

"Kwa mamlaka iliyopewa na likizo, Ofisi ya Mjukuu Mkubwa inautangazia ukoo wote kwamba Onyesho la Bure la Vikaragosi kwa Familia halitakuwepo leo."

Tangazo hilo lilibandikwa kwenye jokofu saa tatu na nusu asubuhi. Bibi alilisoma kwa miwani, akalisoma bila miwani, kisha akalikunja mara nne na kulitia chini ya mguu wa meza iliyokuwa ikiyumba.

"Mheshimiwa, washa hiyo kompyuta. Mama yako kasema saa nne."

Mheshimiwa, binti wa miaka kumi na sita aliyepewa jina hilo kwa hotuba zake, alikuwa katika siku ya tisa ya kifungo cha likizo. Shuleni, bwenini, kulikuwa na ukuta na mlinzi. Hapa palikuwa na vyumba viwili, ghorofa ya tatu, na bibi aliyeficha ufunguo kifuani, mahali ambapo mwizi mwenye adabu hafiki. Mama, fundi cherehani, kabla ya kwenda kazini alikuwa akiwakabidhi watoto na bibi yao kwa burudani ya bure aliyoipata mtandaoni: familia arobaini, kila moja katika kidirisha chake, zikimpigia makofi kondoo wa soksi kwa saa mbili. Wahenga walisema rahisi ni ghali, na wala hawakumjua kondoo huyo.

Lakini leo saa tano, basi lililombeba shoga yake wa bwenini lingesimama stendi nusu saa, likimrudisha kwao asirudi tena shuleni. Wenzake walipofunga, yeye alibakizwa ahojiwe, na sasa alikuwa amefukuzwa. Tangazo la kufuta mitihani, lenye sahihi ya kughushi ya mwalimu mkuu, liliandikwa na Mheshimiwa. Shoga alikutwa na gundi mkononi. Hakumtaja mtu. Mheshimiwa naye hakujitaja, na mama alipomshukuru Mungu kwamba mwanawe hakuingia kwenye upuuzi ule, alimpiga marufuku kuonana na yule "mtundu". Kuomba ruhusa kungekuwa kujichongea. Na kuomba radhi kwa ujumbe wa simu ni kumtemea mtu mate kwa mbali.

Bwenini, anayetoroka usiku huacha mito chini ya blanketi ilale badala yake. Kwa hiyo jana alikuwa ameirekodi familia yao mbele ya onyesho, ikitikisa vichwa, na leo akaiweka video hiyo mahali pa kamera. Bibi alifurahi kuondoka mbele ya kamera na kunyoosha mgongo. Kitindamimba, mdogo wake wa miaka mitano, alijikodolea macho kwenye skrini.

"Dada, mbona mimi niko huku na niko kule?"

"Ndiyo maendeleo hayo. Bibi, nishushe taka?"

Ufunguo ukatoka, una joto.

"Dakika tano. Nikikufuata mwenyewe, haya magoti utayabeba wewe."

Alikuwa ameshauingiza ufunguo kwenye kitasa, ndoo mkononi, kompyuta iliposema kwa sauti ya mama:

"Samahani, bwana kondoo. Kidirisha cha saba ni wanangu."

Mama alikuwa amejiunga kwa simu kutoka karakana, mafundi wenzake wamejazana mabegani pake ili wawaone watoto.

"Lile pazia nyuma yao nililishusha leo alfajiri nije kulipinda. Hili hapa, sindano imo."

Akaliinua. Kondoo alibaki kinywa wazi. Katika kidirisha cha saba familia iliendelea kutikisa vichwa, ikikubaliana naye kabisa.

"Mama, sisi tuko huku," alisema Kitindamimba.

"Mheshimiwa yuko wapi?"

Ufunguo ulihitaji mzunguko mmoja tu. Stendi ilikuwa mwendo wa dakika kumi na mbili. Angefika kule, angesema pole, kisha angerudi kuwa mtoto mwema wa mama, na mwenzake angebaki kuwa mtundu. Akaweka ndoo chini. Akaizima video na kuketi mbele ya familia arobaini.

"Niko hapa, mama. Nilikuwa natoroka."

"Kwenda wapi?"

"Stendi. Basi lake linapita saa tano." Hotuba zote zilikuwa zimemkimbia. "Lile tangazo la shule la kufuta mitihani. Nililiandika mimi. Sahihi pia mimi. Yeye nilimpa gundi anishikie."