Mkwe Dirishani

Phineas alikosa haki yake kwa sababu ya suruali. Aliitwa mjini Kakamega mbele ya daktari wa serikali aonyeshe jeraha alilorudi nalo kutoka vita vya Burma, alikopigana akiwa keya, askari wa Mwingereza. Akaambiwa avue, akakataa. Akaulizwa kwa nini, akanyamaza. Ikaandikwa kwamba mdai amekataa kupimwa, na ombi lake la malipo ya ulemavu likatupwa.

Sababu alikuwa nayo. Mkalimani aliyesimama kando ya daktari alikuwa Lazarus, na mwana wa Lazarus alikuwa amemwoa Navalayo, binti ya Phineas, mwaka huo huo. Kwa watu wa Khayega, kijijini kwao, jambo hilo halina mjadala: mtu havui nguo mbele ya mkwe wake. Hata kuyataja mapaja akiwa anasikia ni kumvunjia heshima. Sasa Phineas angemwelezaje Mzungu kwamba anamwonea haya mkalimani, na mkalimani mwenyewe ndiye wa kutafsiri? Lazarus naye siku ile alikuwa amegeukia ukuta, anausoma kama gazeti.

"Basi ukarudi na suruali yako," Jescah, mkewe, alimwambia. "Itashika jembe?"

"Heshima si jembe, Mama Navalayo."

"Najua. Jembe ninalo mimi."

Tangu mguu uzidi kuwa mbaya, Jescah alikuwa analima karibu shamba lote peke yake, na jioni alikuwa anasimama kutoka jikoni ameshika kiuno kwa mikono miwili. Kwa malipo yale wangekodi ng'ombe wa kulima, na ule mgongo ungepumzika. Hilo tu ndilo alilolitaka Phineas kwa serikali, ya zamani ama hii mpya ya bendera yetu. Akakata rufaa. Rufaa husikizwa mara moja tu. Ukishindwa hapo, umekwisha.

Mwenye rufaa aliruhusiwa kuja na mtu mmoja wa kumsemea. Wengine walikuja na machifu, mapasta na walimu. Phineas alikuja na mkewe. Kwenye benchi la nje mzee mmoja mwenye mkono mmoja akacheka.

"Keya mzima analetwa na mama!"

"Na wewe umeletwa na nani?" Jescah akamuuliza.

"Na chifu wangu."

"Chifu wako anajua unavyolala usiku?"

Benchi zima likacheka, na mzee mwenyewe akacheka kuliko wote.

Ndani walikaa watatu nyuma ya meza. Katikati alikuwa Onesmus, mwenyekiti, mtu wa Machakos aliyevaa tai. Kulia kwake daktari Mzungu. Kushoto Kimutai, sajini wa zamani, aliyewekwa pale kwa niaba ya askari wa vita. Na mwisho wa meza, Lazarus. Phineas alikuwa ameomba Mungu aletwe mkalimani mwingine. Lazarus bila shaka aliomba hivyo hivyo, maana alikuwa ameshainua macho kwenye dari.

"Mzee," Onesmus akasema, "mara ya kwanza ulikataa kupimwa. Ukikataa tena leo, hatuna la kuamua."

Phineas akasimama wima. Jescah akainuka.

"Bwana mkubwa, huyu hamkatai daktari. Anamwonea haya yule bwana wa mwisho." Alimwonyesha kwa kidevu, jina hakulitaja. "Binti yetu ameolewa kwake. Ukimlazimisha kuvua mbele ya mkwe, utatulipia wewe mbuzi wa kututakasa?"

Kimutai akapiga meza kwa kiganja. "Hata kwetu Nandi! Mimi mbele ya mama mkwe sitafuni hata mahindi."

"Mkalimani," Onesmus akauliza, "ni kweli?"

"Ni kweli, bwana," Lazarus akaiambia dari.

"Mbona siku ile hukusema?"

"Ningesema nini, bwana? Kwamba nimesimama hapa namngojea mkwe avue?"

Onesmus akajikuna shingo. Alieleza kwamba sheria haimruhusu kumfukuza mkalimani. Lazima kila neno baina ya daktari na mdai lipite kwenye mdomo wa mtu aliyeapishwa.

"Sheria inataka mdomo wake ama macho yake?" Jescah akauliza.

"Mdomo."

"Basi mdomo ukae dirishani."

Ndivyo ilivyokuwa. Lazarus alitoka mbio hadi barazani kama aliyefunguliwa jela, akasimama nje ya dirisha na kuligeuzia kisogo. Mvua ya mchana ilikuwa imeanza, na upepo ukaisukuma hadi pale kwenye kona ya baraza. Phineas akavua suruali, akaikunja kwa kufuata mstari wa pasi, akaiweka kitini.

Daktari akauliza swali.

"Anauliza maumivu yanaanzia wapi," sauti ikasema dirishani.

"Pale," Phineas akajibu.

Kizungu kikaenda, kikarudi.

"Anauliza pale wapi."

"Mkwe, mwambie ni pale."

"Nimemwambia, mkwe. Anataka jina."

"Paja!" Jescah akasema. "Ni paja, jamani! Tutalala hapa?"

Nje kikasikika kikohozi kirefu. Kisha neno likapelekwa kwa Kizungu, ambako, Mungu asifiwe, halina aibu.

Daktari alilitazama kovu, akasema limepona vizuri, na kwamba hata jembe linaweza kuacha kovu kama hilo. Atajuaje ni la vita? Phineas akakichukua kidole cha Kimutai, akakiweka juu kidogo ya goti, upande wa ndani. Chini ya ngozi kitu kigumu kikateleza.

"Kipande cha bomu, afande. Madaktari wa jeshi waliona nikipasuliwa tena nitakufa. Wakakiacha."

"Jembe gani linaacha chuma ndani ya mtu?" Kimutai akasema. Daktari akagusa mwenyewe, akatikisa kichwa kukubali, akaandika.

Likabaki swali la mwisho: je, mguu unamzuia kufanya kazi? Phineas akabana visigino, kifua mbele.

"Naweza kazi zote, afande!"

Jescah akafyonza.

"Msimuulize huyo. Ukimuuliza keya kama anaumwa, anapiga saluti. Niulizeni mimi. Huyu analimanga maharagwe akiwa ameketi. Anakalia gunia, anajivuta nalo kama mtoto asiyejua kutembea. Akisikia mtu njiani, analala kwenye kivuli na kufunika uso kwa kofia, ili waseme ni mvivu. Yuko radhi aitwe mvivu kuliko kiwete."

Phineas akamgeukia. Saa hizo zote alidhani mkewe yuko mtoni.

"Ulikuwa unaniona?"

"Siku zote."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungeacha kuja, na mimi napenda kukuona shambani kwangu."

Phineas akaangalia chini, kwenye miguu yake mitupu, na macho yakamwasha.

"Mkalimani," Onesmus akaita kwa upole. "Tafsiri."

Lazarus akatafsiri polepole, akikatika katikati.

Walitolewa nje ya chumba, kisha wakaitwa tena, Phineas amevaa. Onesmus akasema kwamba uamuzi wa kwanza umefutwa, kwa sababu mdai alikataa kwa heshima wala si kwa jeuri. Jeraha ni la vita. Kuhusu ukubwa wa ulemavu, daktari alikuwa bado na shaka kidogo, lakini penye shaka askari ndiye anayepewa. Atalipwa.

Phineas akapiga saluti. Wakati wa kutoka mlangoni aliuweka mkono begani mwa Jescah, mbele ya benchi zima, akauacha mguu uchechemee utakavyo.

Kwenye kona ya baraza wakamkuta Lazarus. Bado alikuwa ameligeuzia dirisha kisogo, koti limelowa chapa. Hakuna aliyekumbuka kumwambia yamekwisha.

"Mkwe," Phineas akasema, "geuka. Nimevaa."

"Umevaa kweli?"

"Mpaka mshipi."

Lazarus akageuka taratibu, jicho moja kwanza. Wakashikana mikono kwa muda mrefu.

"Twendeni tukanywe chai," Jescah akasema. "Na lile neno nililosema mle ndani, mkwe, unisamehe."

"Neno gani?" Lazarus akasema, akikamua koti lake. "Mimi nilisikia mvua tu."