Mizunguko Miwili

…na asisogee, ndivyo baba alivyosema, asimame hapo hapo mpaka aitwe, kwa hiyo alisimama, mguu wa kushoto upande huu wa jani na wa kulia upande ule, na katikati ya viatu vyake tone la damu, dogo kama kichwa cha pini, limeanza kukauka pembeni, tone la mwisho waliloliona, na mbele yake hapakuwa na kitu, nyasi, vijiti, majani makavu, msitu mzima uliojifanya haujamwona kulungu dume aliyepita hapa saa moja iliyopita na kipande cha mshale ubavuni, mbele kule baba na kaka wanazunguka kutafuta tone jingine, huyu kushoto na huyu kulia, na yeye, kitinda mimba, mwanamke wa miaka thelathini na minne, fundi wa lifti aliyezoea kuning'inia kwenye shimo la ghorofa kumi na mbili na tochi mdomoni, leo amekuwa kigingi, kazi yake ni kutosogea, maana akisogea hata hatua moja tone litapotea, na likipotea mnyama naye kapotea, ajabu ya kazi, kwamba kitu pekee anachoweza kumfanyia yule mnyama ni kutofanya kitu… Nyuma yake zilikuwa tepe za rangi ya chungwa, baba alikuwa mpima ardhi kwa miaka thelathini na minane na hata mawindo huyaendesha kama kupima viwanja, kila tone hulifungia utepe kwenye kijiti, usawa wa macho, ili ukigeuka uone mnyama alivyokuwa akifikiri, hapa alikata kona, hapa alisita, hapa aliamua kushuka bondeni, na tepe zile zilianza zimekaribiana, hatua mbili, hatua tatu, kisha zikaachana, kumi, ishirini, na sasa ni yeye tu, na viatu vyake.

"Mzee, huku hakuna kitu," sauti ya kaka.

"Angalia chini ya majani. Usiangalie juu yake."

"Nimeangalia."

Hajaangalia, alijua kwamba hajaangalia, kaka yake ni mwalimu wa udereva na ameshazoea kuona kila kitu kutoka kwenye kiti, mtu ambaye hata akitoka chooni huchungulia pande zote mbili kama anaingia barabara kuu, na sasa alimsikia akishusha sauti, ile sauti ya kuwaambia wanafunzi kwamba wamefeli, "…si kosa lako, Mzee, umri ni umri, macho yanachoka, hata mimi usiku siku hizi taa zinanisumbua…" na kijiti kikavunjika chini ya goti la baba… macho, macho yana kosa gani, yeye alikuwa amekaa nyuma ya baba, hatua mbili tu, aliisikia pumzi yake ikisimama, aliuona mshale ukienda pale pale, nyuma ya bega, theluthi moja kutoka chini, pale baba alipomchorea kwa mkaa kwenye boksi la sabuni alipokuwa na miaka tisa, akamwambia hapa au usirushe kabisa, na mshale ulikwenda hapo, kama umeandikiwa, hakuna jicho la kijana ambalo lingefanya zaidi, ila ile sauti… mshale mzuri husikika kama ngumi kwenye mto, unaingia, unapita, unatokea upande wa pili, na huu ulisikika kama mtu anabisha hodi, ukaganda kwenye mbavu, zaidi ya nusu iko nje inatikisika, kulungu akaruka nao, na kwenye mti wa kwanza ukavunjika, na baba akakiokota kile kipande chenye manyoya, akakilaza juu ya mkono wake kutoka kiwiko mpaka vidole, akapima, akapima tena, akasema, "Haukuingia hata shibiri moja," kisha taratibu, kama hasemi na yeyote, "Upinde huu hutoboa na kupita. Nimefanya nini?" na yeye akainama akafunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimefungwa.

Mizunguko miwili. Aliilegeza skrubu ya juu ya upinde wa baba miwili, ya chini miwili, sawasawa, kwa sababu mikono yote miwili ya upinde lazima ilingane, kazi safi, hakuna aliyewahi kumkosoa kwa kazi chafu, Jumapili alasiri kwenye meza ya chumba cha nyuma, kati ya ramani zilizokunjwa na makopo ya kalamu, baba amesinzia kwenye kiti na redio inasoma taarifa za barabara zilizofungwa, naye na kile kispana chake kidogo cha pembe sita, mzunguko mmoja, akasikiliza, baba anakoroma, mzunguko wa pili, na upinde ukawa mwepesi, upinde wa chuma na magurudumu yake mawili ambao mama alikuwa akiuita mke mwenza… alifanya hivyo kwa sababu ya dirisha la jikoni, wiki moja kabla, alikuwa anaosha vyombo, akamwona baba uani anauvuta, mara ya kwanza haukuja, mara ya pili ulikuja nusu na mkono ukaanza kutetemeka mpaka begani, ukarudi wenyewe, na mara ya tatu hakujaribu, alipitisha kidole kwenye kamba kana kwamba ndicho alichotoka kukagua, kisha akatazama huku na huku kama mtu aliyejikwaa njiani, na yeye akarudi nyuma kutoka dirishani na sahani mkononi, inachuruzika maji kwenye miguu yake, akasubiri hapo mpaka baba aliposafisha koo na kuingia ndani… na siku nne baadaye kaka akapiga simu, nimemwandalia chumba kwangu, alisema, kile cha chini, hakina ngazi, nyumba ile ataanguka peke yake na tutamkuta siku ya tatu, na ufunguo wa gari tuuchukue kistaarabu, lakini twende naye mawindoni kwanza, tumtazame, akiwa bado yuko vizuri basi, mwaka mwingine tunamwachia, maana kwa kaka maisha yote ni jaribio la barabarani, kuna sehemu ya kugeuza, kuna sehemu ya kurudi nyuma, na yeye akasema sawa kaka, akakata simu, akaenda akamsaidia baba yake kuiba mtihani ambao mwenyewe hakujua anaufanya.

Upepo ukapita chini chini, jani likainuka upande mmoja, akachuchumaa haraka, akalishika kwa ncha ya kidole, usiende, tafadhali, wewe usiende… kazini kuna sheria moja, haijaandikwa ukutani lakini asiyeijua hakai, ukigusa chochote andika, ndani ya mlango wa kabati la umeme, tarehe, ulichogusa, kwa kiasi gani, sahihi, kwa sababu atakuja mwenzio baada yako na ataiamini mashine kama alivyoiacha yeye, na mwaka jana aligombana na fundi mwenzake mbele ya watu, mtu mzima mwenye wajukuu, kwa sababu alilegeza springi ya breki akaenda nyumbani bila kuandika, alimwambia wewe umeacha mtego humu ndani, hivyo hivyo, mtego, na yule mzee akavua kofia… na yeye je, kwenye upinde aliandika wapi, na hesabu zote anazozijua, uzito, mvuto, kebo, mtu mwenye kujua kwa nusu dakika lifti itabeba watu wangapi, hakujua kwamba upinde mwepesi kuvuta ni dhaifu kuusukuma mshale, alijua, alijua vizuri sana, alijiambia tu kwamba baba hatarusha, misimu miwili sasa amewaacha wanyama wapite, anakaa, anawatazama, anakunywa chai yake, anarudi nyumbani amefurahi, alipiga hesabu ya mkono wa baba na ya macho ya kaka, kulungu hakuwemo kwenye hesabu, na sasa kulungu yuko wapi, amelala chini ya kichaka gani, masikio yameelekea huku, anasikia buti za kaka, na kile chuma kwenye mbavu, kila akivuta pumzi kinamkata, anavuta tena kwa sababu hana namna nyingine, anaweza kupona, baba amewahi kumwona mmoja mwenye kovu hapo, au anaweza kumaliza siku tatu anakufa, kwa mizunguko miwili, na yeye anayejua ni yeye ambaye haruhusiwi hata kunyanyua mguu.

"…kwa hiyo nikasema," kaka huyo, "chumba kile kina jua asubuhi, utakipenda, na wajukuu wapo…"

"Tunamtafuta mnyama," baba alisema.

"Najua, Mzee. Nasema tu."

Sema, alijiambia, wako hatua thelathini, wanasikia, sema baba si macho, ni mimi, nililegeza upinde, maneno machache tu, na kaka atageuka, kwa sababu kaka hakosi swali, atauliza ulilegeza kwa nini, na jibu ni lipi, kwa sababu hawezi kuuvuta, nilimwona uani, hapo umemrudishia macho umemnyang'anya mikono, mbele ya mwanawe wa kiume, mchana kweupe, na ukinyamaza macho ndiyo yanaondoka, na ufunguo, na nyumba, na uani, na chumba cha nyuma chenye ramani, chumba kizuri cha jua la asubuhi kinamsubiri, ukimtoa huku unamtumbukiza kule, na mdomo wake ulikuwa umefunguka kabisa, alihisi hewa baridi kwenye meno… hivi kwa nini baba hasemi, baba ambaye hajawahi kukubali kosa la mtu mwingine liandikwe kwa jina lake, aliyewahi kumrudisha bosi wake porini siku nzima kwa jiwe la mpaka lililosogezwa upana wa kiganja, leo anaambiwa macho yake yamekufa naye anafunua majani… na ile asubuhi, pale kwenye gari, kabla hawajaingia msituni, mapambazuko bado ya kijivu, baba aliuchukua upinde kwenye buti la gari akauvuta kuujaribu, ukaja mpaka shavuni, mzima, bila kutetemeka, na yeye akaona moyo wake ukishuka kwa raha, na kaka akaitikia kwa kichwa kama anayetoa alama, lakini baba aliushikilia pale, muda mrefu, mrefu mno, anapumua polepole, kisha akauachia urudi kidogo kidogo, akasema, "Leo mkono umekubali," na macho yake yakapita kwenye skrubu ya juu, yalipita au yalitua, yalitua, kisha yakaja kwenye mkono wa bintiye, huu wa kulia, wenye grisi ya kazi isiyotoka kwenye kucha hata kwa mchanga, akasema, "Kitinda, asante kwa chai."

Na chai aliipika kaka. Alimwona akiipika. Asubuhi yote, toka pale, alikuwa na hofu ndogo, kwamba baba ameanza kuchanganya mambo, kwamba kaka ana haki, na chai aliipika kaka, na baba alimwona kaka akiipika, alikaa naye jikoni, alimwambia punguza sukari… mkono uliouvuta upinde huo miaka ishirini, unaoujua kama ulimi unavyoyajua meno, uupate mwepesi siku moja na usijue… alijua, alijua kabla hawajafunga milango ya gari, na akashukuru, kwa njia ambayo kaka asingeisikia, akaingia msituni na upinde ambao alijua haupigi, nia yake pengine ilikuwa ni ile ile, kukaa, kutazama, kurudi nyumbani, halafu kulungu akasimama hatua ishirini, ubavu wazi, na mwanawe nyuma ya mti anamtazama, anasubiri kutia alama, na akarusha… nimefanya nini, alisema, na hakuwa anauliza jicho wala mkono, alikuwa anajua upinde, alikuwa anauliza kile kile anachojiuliza binti yake sasa hivi, na sasa anafunua majani na kuacha aitwe kipofu, kwa sababu akisema si macho ataulizwa basi ni nini, na jibu la swali hilo lina kucha zenye grisi, anamficha, mtoto alimficha baba na baba anamficha mtoto, na katikati yao kuna mnyama anavuta pumzi, na hakuna hata mmoja anayeweza kuzungusha chochote kirudi kilipokuwa.

"Mzee, tumejaribu," kaka alisema, na safari hii sauti yake haikuwa ya mwalimu, ilikuwa imechoka tu, ilikuwa ya mtoto wa mtu. "Turudi. Utaumia magoti."

"Bado."

Akamwona baba anapiga magoti, kwanza moja, kisha la pili, anashika shina la mti mdogo wakati wa kushuka, anaweka viganja vyote viwili chini na kuanza kutambaa, anageuza jani, anatazama, anarudisha, anageuza jingine, mgongo wa koti lake umetapakaa mbegu za majani, na kaka amesimama juu yake mikono imelegea, hajui pa kuiweka, na yeye akataka kwenda, miguu yote miwili ilitaka, na hakwenda.

"Kitinda," baba aliita bila kugeuka, "bado unaliona?"

Akatazama chini. Jua lilikuwa limepanda na tone lilikuwa limekauka lote, limekuwa kahawia, na jani lenyewe lilikuwa na madoa yake, matatu, manne, kahawia vile vile, madogo vile vile, akainama karibu, akainama zaidi, na hakuweza tena kusema lipi ni la kulungu na lipi ni la jani.

"Naliona, baba," alisema.

Na baba akageuza shingo, akafumba jicho moja, akapiga mstari kutoka kwenye viatu vya binti yake mpaka kwenye kichaka kilichokuwa mbele, kwa kipaji kile kile alichogawia watu ardhi zao, kisha akaendelea kutambaa kuufuata.